Seli Ikisukumwa, Huwaambia Majirani

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi wa sayansi na wahudumu wa afya. Kwa kuwa wengi hamkuweza kufika, naiweka hapa nzima kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Penye picha nimeeleza kwa maneno.

Ndugu zangu, walimu wenzangu, wanafunzi, wauguzi, madaktari, na ninyi mliokuja kwa sababu tu mmeshikwa mkono na rafiki: asanteni kwa kufika.

Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja abane kidole gumba cha mkono wa kushoto kwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Bana. Usijiumize, bana tu. Haya, achia.

Mmehisi, sivyo? Nikiwauliza mmehisije, mtaniambia neva zimepeleka habari ubongoni. Ni kweli. Lakini leo sikuja kuzungumzia neva. Pale mlipobana pana maelfu kwa maelfu ya seli ambazo si neva: seli za ngozi, seli zinazotandaza kuta za mishipa ya damu, seli zinazosuka nyuzi za kushikilia nyama, na chembe nyekundu za damu zilizokuwa zinapita tu njia yake. Zote zilibanwa. Zote zilipindika kidogo. Je, zilikaa kimya?

Hazikukaa kimya. Zilitoa nje molekuli ndogondogo, majirani zikazipokea, nazo zikabadili mwenendo wake. Hilo ndilo neno nililokuja nalo, na nitalirudia: seli ikisukumwa, ikivutwa, ikikandamizwa au ikisuguliwa, huwaambia majirani. Kila siku, tangu mlipokuwa tumboni mwa mama zenu, mazungumzo haya yanaendelea ndani yenu, nanyi hamjui.

Nianze na jaribio ambalo mimi binafsi naliona zuri kupita mengi niliyowahi kusoma.

Chukueni sahani ndogo ya maabara yenye seli za ubongo ziitwazo astrositi, zimejipanga bega kwa bega kama vigae sakafuni. Zitieni rangi maalumu inayong'aa pale kalsiamu inapopanda ndani ya seli. Kisha, chini ya hadubini, chukueni sindano ya kioo yenye ncha nyembamba mno, muiguse seli moja. Moja tu. Kinatokea nini?

Seli ile inawaka. Halafu majirani zake wanawaka. Halafu majirani wa majirani. Mwanga unatambaa kwa duara kama viwimbi vya maji ulipotupa kijiwe, polepole kiasi kwamba unaufuata kwa macho. Ni seli moja tu iliyoguswa, lakini baada ya sekunde kadhaa mtaa mzima una habari.

Watafiti walipoona hivyo miaka ya mwanzo ya 1990, wengi walidhani jibu ni rahisi. Seli za namna hii zina vijia vinavyounganisha moja na nyingine ukutani, basi habari itakuwa inapenya humo, chumba hadi chumba. Maelezo yenye akili kabisa, na kwa sehemu ni ya kweli. Lakini mwaka 1996 ilichapishwa kazi moja iliyonifanya niipende fani hii. Waliacha katikati ya seli ukanda mtupu, usio na seli hata moja, kama mto unaogawa kijiji. Huku seli, kule seli, katikati maji matupu. Wakaziamsha kwa umeme seli za upande mmoja.

Ndugu zangu, mwanga ulivuka mto! Ulivuka pengo la hadi mikromita 120, ambalo ni zaidi ya unene wa unywele. Hapakuwa na daraja. Hapakuwa na seli ya kupokezana. Na walipoyafanya maji ya sahani yatiririke upande mmoja, wimbi la mwanga lilielemea kule maji yanakoelekea. Mnaona maana yake? Habari ilikuwa ndani ya maji yenyewe. Seli zilizoamshwa zilikuwa zimemwaga kitu.

Kitu gani hicho?

Hapa nitakaa kidogo, maana jibu lake liliwasumbua wasomi kwa miaka mingi. Kitu hicho, katika jaribio hili na katika mengine mengi, ni ATP. Wanafunzi wa kidato wananitazama kwa mshangao, na wana haki. Mmefundishwa kwamba ATP ndiyo sarafu ya nishati. Misuli inaitumia, ubongo unaitumia, kila kazi ya seli inalipwa kwa ATP. Sasa nani mwenye akili timamu atatupa sarafu dirishani ili kumwita jirani?

Swali hilohilo ndilo alilokumbana nalo Geoffrey Burnstock. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akifanya kazi Melbourne, Australia, alikuwa anachunguza misuli laini ya utumbo wa simbilisi. Alizuia kwa dawa ishara mbili za neva zilizojulikana wakati ule, asetilikolini na noradrenalini. Kwa mujibu wa vitabu, misuli ile ilipaswa kutojibu neva tena. Ikajibu! Akatafuta mjumbe wa tatu, na mwaka 1972 akaandika waziwazi kwamba mjumbe huyo ni ATP. Hakueleweka. Kwa karibu miaka 20 wengi walimpinga, wakisema molekuli iliyo muhimu hivi na iliyojaa kila mahali haiwezi kuwa ujumbe. Upinzani ulianza kuyeyuka miaka ya mwanzo ya 1990, vilipopatikana vinasaba vya vipokezi vyenyewe, yaani protini zilizokaa juu ya seli zikingoja ATP ya nje na si kitu kingine. Burnstock alifariki mwaka 2020, akiwa ameishi kuona fani yake imejaa watu.

Nami nawaambia, ukitulia ukalitazama jambo hili utaona kwamba ATP inafaa mno kuwa ujumbe wa dharura. Kwa nini? Kwanza, ndani ya seli imejaa tele, nje karibu haipo. Ndani imezidi nje mara mamia ya maelfu, pengine mara milioni. Penye tofauti kubwa namna hiyo, ukifungua tundu dogo kwa muda mfupi tu, kiasi kidogo kinachotoka ni kelele kubwa kwa aliye nje. Seli haifilisiki, imetoa tone kutoka pipani. Pili, nje ya seli kuna vimeng'enya vinavyoikatakata ATP mara inapotoka. Ujumbe unasikika, kisha unafutwa, na uwanja unakuwa mtulivu tayari kwa ujumbe mwingine. Mngebuni nini kilicho bora kuliko hicho?

Na tunajuaje kwamba ATP imetoka kweli? Tunaazima mwanga wa kimulimuli. Mwaka 1947, William McElroy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alionyesha kwamba mwanga wa mdudu huyu unahitaji ATP. Ili apate wadudu wa kutosha aliwalipa watoto wamkamatie. Tangu hapo, mtafiti anayetaka kujua kama seli zake zimemwaga ATP huweka majini kemikali mbili za kimulimuli, azime taa, azisukume seli, kisha apime mwanga. Gizani, seli iliyobanwa inang'arisha maji yanayoizunguka. Nimelishuhudia hilo kwa macho yangu kupitia kamera ya maabara, na hadi leo nikilikumbuka husisimka.

Sasa mtaniuliza: seli haina macho, haina masikio, inajuaje kwamba imesukumwa?

Mwaka 2010, katika maabara ya Ardem Patapoutian huko California, mtafiti aitwaye Bertrand Coste alifanya kazi iliyohitaji subira ya mvuvi. Walikuwa na aina ya seli za panya ambazo zikichokonolewa kwa kijiti cha kioo hutoa mkondo mdogo wa umeme. Walijua kuna protini inayofunguka, hawakujua ipi. Wakaorodhesha vinasaba walivyovishuku. Coste akawa anakizima kimoja, anachokonoa seli, anapima. Umeme upo. Anakizima kingine, anachokonoa, anapima. Umeme upo. Hivyo hivyo karibu mwaka mzima. Alipofika kinasaba cha 72 akachokonoa, na seli ikanyamaza. Protini hiyo wakaiita Piezo1, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kukandamiza. Mwaka 2021 Patapoutian alipata Tuzo ya Nobel, pamoja na David Julius aliyefumbua jinsi tunavyohisi joto.

Piezo1 imeundwa kwa vipande vitatu vinavyofanana, kila kimoja na mkono mrefu uliopinda, na mikono hiyo mitatu inaubonyeza utando wa seli uwe kama bakuli. Utando ukivutwa, bakuli linanyooka, na katikati tundu linafunguka. Kalsiamu inaingia. Kuingia kwa kalsiamu ndicho kitu seli inachokiogopa na kukiheshimu kuliko vingi, kwa hiyo yanafuata mengine haraka: milango mikubwa zaidi inafunguka na kupitisha ATP, au vifuko vilivyokuwa vimehifadhiwa karibu na ukuta vinapasuka kuelekea nje na kumwaga vilichobeba. Si seli zote zinatumia njia moja, na si Piezo pekee inayohisi. Lakini mkitaka picha moja ya kwenda nayo nyumbani, ni hiyo: bakuli linanyooka, kalsiamu inaingia, ujumbe unatoka.

Twende kwenye mishipa ya damu.

Ukuta wa ndani wa kila mshipa umetandazwa safu moja ya seli bapa. Moja tu, nyembamba sana. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kama kitambaa cha bitana, kazi yake kuteleza tu. Robert Furchgott, huko Brooklyn, alikuwa akikata vipande vya mshipa mkubwa wa sungura na kupima vinavyokaza na kulegea. Mwaka 1978 msaidizi wake alikosea hatua moja katika jaribio, na vipande vilivyotarajiwa kukaza vikalegea. Wengine wangetupa matokeo na kuanza upya. Furchgott aliuliza kwa nini. Akagundua kwamba zamani, wakati wa kukata, walikuwa wanaisugua ile safu ya ndani na kuiondoa bila kujua. Safu ikiwepo, mshipa unalegea, ikiondolewa, haulegei.

Kisha alifanya jambo ninalolipenda. Alichukua kipande kisicho na safu, akakilaza juu ya kipande chenye safu, uso kwa uso, kama vipande viwili vya mkate. Kile kisicho na safu kikalegea! Mmekumbuka ule mto usio na daraja? Ni habari ileile: kitu kilitoka kwa seli hizi, kikavuka, kikawafikia wengine. Alichapisha mwaka 1980. Mwaka 1987 ikathibitika kwamba kitu hicho ni oksidi ya nitriki, gesi, molekuli ya atomi mbili tu. Mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Nobel.

Furchgott aliiamsha safu ile kwa kemikali. Mwilini, kinachoiamsha kila sekunde ni msuguano wa damu inayopita. Nguvu yenyewe ni ndogo mno: katika ateri, yaani mishipa itoayo damu moyoni, ni kama paskali 1 hadi 2. Karatasi moja ya kuandikia ukiilaza mezani, inalikandamiza meza kwa karibu paskali 1. Ndiyo nguvu hiyo! Seli zinaihisi. Damu ikikimbia zaidi, kwa mfano unapopanda ngazi, Piezo1 inafunguka, seli zinamwaga ATP, ATP inagonga vipokezi vya seli zilezile na majirani, oksidi ya nitriki inatengenezwa, misuli ya mshipa inalegea, njia inapanuka. Ujumbe juu ya ujumbe, na yote kabla hujafika ngazi ya mwisho.

Chembe nyekundu nazo zina sauti yake. Chembe nyekundu ina kipenyo cha karibu mikromita 8, na kapilari nyingi, yaani mishipa midogo kuliko yote, ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo lazima ijikunje ili ipite. Ikijikunja, inatoa ATP, nayo ATP hiyo inauambia ukuta wa mshipa ulegee. Msafiri anaomba apanuliwe njia. Nawaomba wanafunzi mlifikirie hilo leo usiku kabla ya kulala.

Na ubaya wake uko wapi? Uko penye njia panda. Mishipa inapogawanyika, damu haitiririki sawasawa. Inazungukazunguka, inasita, inarudi nyuma kidogo. Seli za hapo hazipati ule msuguano wa upande mmoja ulio thabiti. Zinatoa oksidi ya nitriki kidogo, na badala yake zinatoa ishara za kuita seli za kinga zinazoleta uvimbe. Ndiyo maana mafuta na makovu ya ndani ya ateri hupenda kuota penye njia panda na penye kona, kwa mtu huyuhuyu mwenye damu hiihii na lehemu hiihii. Mazungumzo ya mahali ndiyo yamebadilika.

Nitapita haraka kwenye viungo vitatu, ingawa kila kimoja kingestahili siku yake.

Kibofu cha mkojo. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba utando wa ndani wa kibofu cha sungura ukikandamizwa na maji hutoa ATP. Mwaka 2000, panya walioondolewa kipokezi kimoja cha ATP katika neva walikutwa na vibofu vinavyojaa kupita kawaida, na walikojoa mara chache. Kumbe ule msukumo unaokuinua katikati ya usingizi huanza na seli za ukuta zilizovutwa, zikiwaambia neva: tumejaa.

Utumbo. Edith Bülbring, mwanamke aliyefukuzwa kazi Ujerumani chini ya utawala wa Hitler akakimbilia Uingereza, alionyesha pamoja na mwenzake Crema mwaka 1959 kwamba shinikizo ndani ya utumbo wa simbilisi hufanya ukuta wake utoe serotonini, nayo huamsha msukumo wa kusogeza chakula. Burnstock niliyemtaja alipitia kwake kujifunza, na sidhani kwamba ni bahati tu.

Moyo. Adolfo de Bold, huko Kanada, alishangazwa na vijipunje ndani ya seli za vyumba vya juu vya moyo, vinavyofanana na vile vya tezi. Moyo ni pampu. Pampu ina haja gani ya vijipunje vya tezi? Mwaka 1981 yeye na wenzake walisaga vyumba hivyo, wakawadunga panya maji yake. Mkojo uliongezeka mara 10, chumvi ndani ya mkojo zaidi ya mara 30. Leo tunajua: damu ikizidi, vyumba vile vinatanuka, seli zinazovutwa zinamwaga homoni, figo zinatoa chumvi na maji, mzigo unapungua. Ndugu ya homoni hiyo ndiyo madaktari hapa huipima katika damu wanaposhuku moyo umeshindwa.

Sasa mfupa, na hapa nitasema kama mtoto wa mtu.

Mama yangu alivunjika nyonga, akalala kitandani wiki nyingi. Sote nyumbani tulimwambia apumzike. Tulimkataza hata kujigeuza mwenyewe. Alipoinuka, miguu ilikuwa imekonda, na mifupa, kipimo kilipokuja, ilikuwa imepungua hata upande ambao haukuvunjika. Hakuna aliyetueleza. Mimi nilikuwa nimesoma haya yote, nami nilikaa kando ya kitanda kile nikimwekea mito.

Mfupa si jiwe. Ndani yake, katika vijishimo vidogo, zimo seli ziitwazo ostiositi, na zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa ni hizo. Zina mikono mirefu inayopita katika vijifereji kushikana na wenzake. Ukikanyaga chini, mfupa unapinda kiasi kisichoonekana, maji ndani ya vijifereji yanasukumwa, yanazisugua seli. Nazo hutoa ATP, hutoa prostaglandini, huita wajenzi, yaani seli zinazojenga mfupa. Lakini lililo la ajabu zaidi ni kile zinachoacha kutoa. Ostiositi isiyo na kazi hutoa protini iitwayo sklerostini, na ujumbe wake ni mmoja: msijenge. Ukiukanyagia mfupa uzito, sklerostini inapungua, na wajenzi wanaachiwa. Ukilala, inapanda. Wanaanga walioko mahali pasipo uzito hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mfupa wa nyonga kila mwezi, ingawa wanakula vizuri.

Tuliijuaje sklerostini? Kupitia familia chache, hasa za Makaburu wa Afrika Kusini, zenye ugonjwa wa kurithi ambao mifupa haiachi kunenepa. Watu hao huanguka wasivunjike. Mnaona ni heri? Mifupa ya fuvu lao hunenepa mpaka inabana neva, na wengine wanapooza uso na kupoteza usikivu wangali watoto. Mwaka 2001 kinasaba kikapatikana: hawawezi kutengeneza sklerostini. Hawana wa kusema basi. Kutokana na mateso yao ilitengenezwa dawa inayoishika sklerostini, na mwaka 2019 ikaidhinishwa Marekani kwa wanawake waliokoma hedhi ambao mifupa yao imo hatarini kuvunjika. Ninapoisoma karatasi ya dawa ile nazikumbuka familia zile, na ningependa ninyi pia mzikumbuke.

Nimalizie na mapafu. Naomba tena mnisaidie. Vuteni pumzi ndefu, mpaka kifua kijae. Shikilia. Achia polepole.

Bila kuagizwa, kila mmoja wenu hufanya hivyo takriban kila dakika 5, usiku na mchana. Kwa nini? Vifuko vya hewa vimelowa maji, na maji hupenda kuvuta kuta zishikamane. Kinachozuia ni mafuta maalumu yanayotolewa na seli za vifuko. Mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba seli hizo zikivutwa mara moja tu, kalsiamu hupanda ndani yake na zinaanza kumwaga mafuta hayo. Seli bapa zilizo jirani nazo zikivutwa hutoa ATP, na ATP hiyo huzihimiza. Pumzi mliyovuta sasa hivi imefanya kazi hiyo.

Lakini vuta kupita kiasi, uone. Kwa miaka mingi, mgonjwa mahututi mwenye mapafu yaliyojaa majimaji aliwekwa kwenye mashine ya kupumulia, na mashine ikapangwa imsukumie hewa nyingi ili damu yake ionekane nzuri kwenye vipimo. Kila pumzi ilizivuta seli za ile sehemu ndogo ya mapafu iliyobaki nzima. Seli zikavutwa mno, zikafanya kile ambacho seli hufanya: zikawaambia majirani. Zikamwaga ishara za uvimbe, ishara zikaingia katika damu, figo zikafeli, ini likafeli, mgonjwa akafa kwa viungo vilivyo mbali na mapafu. Na waliomhudumia walikuwa wanamtakia mema.

Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 861 nchini Marekani. Nusu walipewa pumzi ya kawaida ya wakati ule, mililita 12 kwa kila kilo ya uzito. Nusu walipewa pumzi ndogo, mililita 6. Kundi la kwanza walifariki asilimia 39.8. Kundi la pili, asilimia 31. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa dhahiri. Katika damu ya kundi la pili, ishara ya uvimbe iitwayo interleukini-6 ilikuwa imeshuka zaidi. Hapakuwa na dawa mpya. Walipunguza mvuto tu.

Wauguzi mlioko hapa mnajua kilichobaki. Kilo zile si za mizani. Mtu akinenepa mapafu yake hayakui. Mapafu hufuata urefu. Kwa hiyo kabla ya kuipanga mashine, mnachukua utepe wa kupimia, mnamnyoosha mgonjwa asiyejitambua, na mnampima kutoka utosini hadi kisiginoni, ndipo mnahesabu pumzi yake. Dada mmoja aliyekaa safu ya mbele ameniambia kabla hatujaanza kwamba usiku wa kuamkia leo amewapima wagonjwa wawili. Dada, asante. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza.